Karatasi Mbili Alizoziunga Dada

Dada yangu aliuza ramani kwa miaka ishirini na sita na hajawahi kumiliki pasipoti. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia hata muuza majeneza hajawahi kulala ndani. Mimi nilikuwa namjibu kwamba hiyo ni hofu tu, mkaa bure si sawa na mtembea bure, nenda hata nchi jirani ukanywe chai urudi. Ananitazama juu ya miwani vile anavyomtazama mteja aliyependa ramani kwa sababu ya rangi zake, kisha anarudi kwenye kazi yake.

Duka lenyewe lilikuwa limebanwa kati ya daktari wa macho na ofisi ya wakili, na nusu ya walioingia walikuwa wamekosea mlango. Chumba cha mbele kilikuwa na ramani za barabara zilizokunjwa, kwenye rafu ya waya inayozunguka kwa makelele. Chumba cha nyuma kilikuwa na makabati ya chuma yenye droo pana na nyembamba, na humo ndimo zilimolazwa ramani za topografia, zile zenye mistari ya kahawia inayokuonyesha kilima kinapanda wapi na kinashuka wapi. Mwenye duka alikuja mara mbili kwa mwezi, akakohoa, akaondoka. Mengine yote yalikuwa juu ya dada. Wateja walimbatiza Mama Skeli, maana hakuna aliyetoka mle bila kuhubiriwa habari za skeli.

"Unakwenda kwa gari au kwa miguu?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, na salamu baadaye.

Siku moja nilimkuta na bwana mmoja aliyeoa juzi, anataka ramani ya nchi fulani ya ng'ambo akazunguke na mkewe milimani. Alikuwa ameshika ile kubwa, yenye picha za wanyama na majumba ya kale pembeni.

"Hiyo ni ya kubandika ukutani," dada alimwambia. "Ukiifuata hiyo utafika ukutani."

"Lakini mama, hapa milima ipo, si hii?"

"Hiyo ni michoro ya milima. Sentimita moja hapo ni kilometa ishirini. Mkeo akivunjika kisigino ndani ya sentimita moja, utamtafutia wapi maji?"

Yule bwana alitoka na ramani ya barabara na tatu za topografia, na sura ya mtu aliyefikiria upya mambo ya ndoa. Dada aliridhika. Imani yake ilikuwa hiyo: ya barabara inakufikisha, ya topografia inakurudisha, na zote mbili usome ukingo wake kwanza. Ukingo ni ile sehemu nyeupe inayozunguka mchoro. Pale pameandikwa skeli, vipimo, na mwaka. Alikuwa akisema ramani usiyojua mwaka wake ni kama dawa iliyobanduliwa tarehe, na hapo nilikuwa simbishii.

Jambo moja lazima nilieleze, maana ndilo lililotuua. Karatasi ya topografia ina namba yake. Nchi ikipima upya na kuchapa toleo jipya, namba inabaki ileile, jina lilelile, rangi zilezile. Ukiziweka sambamba bila kusoma ukingo, ni pacha. Dada alizishusha zile za matoleo ya zamani kwenye droo ya chini kabisa, akawauzia wanafunzi na wafungaji zawadi kwa bei ya bure. Kwa macho yangu hazikuwa na tofauti, na nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba ndiyo maana mimi nashona.

Ni kweli, mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule zaidi, na mdomo wangu unafanya kazi kuliko mashine. Hayo yote mtu yeyote wa mtaani kwetu atakwambia.

Dada alijaliwa mtoto mmoja wa kiume. Baba yake aliondoka mapema, na simwandiki zaidi ya hapo kwa sababu hastahili wino. Kijana alikulia chumba cha nyuma cha duka, akilala mchana juu ya kabati la chuma, akijifunza kuhesabu kwa mistari ya kahawia. Alipokuwa na miaka saba alijua njia za milima ya nchi ambazo hata jirani zetu wasomi hawakuweza kuzitaja. Akawa mwalimu wa sekondari, akaoa binti mpole mwenye msimamo, na alipotimiza miaka thelathini na mmoja akatangaza mezani kwamba likizo hii anakwenda. Siku tisa, kwa miguu, peke yake, kwenye milima aliyoiona kwenye droo maisha yake yote.

"Nenda," dada alisema, machozi yanamlenga. "Nenda ukaniangalizie kama ile mistari inasema kweli."

Mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita. Hakukataa. Alimwambia tu siku ya tano, atakaposhuka kwenye mji mdogo ulio katikati ya safari, apige simu kabla hata ya kuvua viatu.

Ramani zilichaguliwa nyumbani kwangu, jioni tatu mfululizo, kwa sababu meza yangu ya kukatia vitambaa ni ndefu kuliko zote katika ukoo. Ramani ya barabara peke yake iliwachukua jioni nzima. Dada alizikataa mbili, moja kwa sababu haikuonyesha vituo vya mafuta, nyingine kwa sababu ilikunjwa kijinga na ingechanika mshononi. Kijana alicheka hadi akashika mbavu. Njia yake ya miguu iliangukia pale karatasi mbili za topografia zinapokutana, ya kusini na ya kaskazini, na dada hakutaka mwanawe ahangaike kufunua karatasi mbili kwenye upepo. Jioni ya tatu akazileta zote mbili kutoka dukani. Ilikuwa wiki ya likizo, duka limejaa, alizichomoa kwenye droo akiwa anafunga mlango huku mteja bado anamsemesha. Akachukua rula na wembe wangu, akakata ukingo wa kila moja, akaziunga kwa gundi, akazibandika nyuma kitambaa cha bitana nilichompa mimi. Ilitoka kazi safi ajabu. Kwenye kona akaandika skeli kwa mkono wake. Mwaka hakuuandika, kwa kuwa aliujua.

Vile vipande vya ukingo aliniachia. Karatasi ya ramani ni ngumu, inafaa sana kwa kukatia kielelezo cha kola.

Siku ya tano simu haikulia. Tulisema mtandao. Siku ya sita asubuhi tulisema betri, na tulipokuwa tunasema betri tulikuwa tumeshaacha kutazamana. Mchana mkewe alipiga kwenye nyumba ya wageni ya ule mji mdogo, wakamwambia hajafika mtu wa namna hiyo. Saa tisa alasiri kiongozi wa waokoaji wa huko alitupigia mwenyewe. Alikuwa na sauti ya taratibu. Aliuliza umri, viatu, koti la rangi gani, kisha akamwomba dada azungumze naye, maana alisikia ndiye mwenye kazi ya ramani.

"Alibeba ramani gani?"

"Toleo jipya," dada alisema bila kusita, akataja namba zote mbili.

"Vizuri sana, mama. Mtu aliyepotea tunamtafuta pale anapodhani yupo. Kama ni toleo jipya, ameshuka mashariki."

Wakaenda mashariki.

Siku ya saba tulikuwa wote sebuleni kwa dada, nyumba ya vyumba viwili ambayo mtu akikohoa huku anajibiwa kule. Mkwe alikuwa amelazwa kwenye kochi, miguu juu ya mto. Mkunga alikuwa ameshampima asubuhi, akasema presha imepanda, asishtuliwe na chochote. Dada alikuwa sakafuni kwa magoti. Alikuwa ametoa dukani nakala mpya za karatasi zilezile, amezitandaza, anatembea juu yake kwa kidole, kuanzia siku ya kwanza mpaka kwenye kipito cha juu mlimani, na kutoka hapo kushuka bonde la mashariki. Akifika chini anarudi mwanzo. Nilimletea chai mara tatu, na mara tatu niliimwaga imepoa. Sijawahi kuona mtu akiomba Mungu kwa kidole cha shahada, lakini siku ile niliona.

Saa kumi kiongozi alipiga. Ukungu umeshuka, helikopta haiwezi kuruka, wamesimama mpaka kesho.

Nilikimbilia kwangu kuchukua nguo za kulalia. Kwenye meza palikuwa na mashati ya shule ya mteja mmoja anayesumbua, na juu yake kielelezo cha kola. Nilikiinua nikiweke pembeni. Sijui kwa nini nilikigeuza. Nilikuwa nimeshakatia mashati arobaini kwa kipande kile, wiki mbili nzima kiko mkononi mwangu, na sikuwahi kusoma upande wa pili. Palikuwa na namba ya karatasi ya kaskazini, na chini yake mwaka wa kuchapwa. Ulikuwa mwaka nilioolewa. Miaka thelathini na mitatu iliyopita.

Nilirudi mbio, kandambili moja ilibaki njiani. Nikamwita dada jikoni, nikamfungia mlango, nikampa kile kipande. Alikisoma. Alishika ukingo wa sinki kama mtu aliye kwenye gari linalokata kona, macho yamemtoka pima.

"Droo ya chini," alisema. "Nilivuta droo ya chini."

"Kuna tofauti gani? Niambie, kuna tofauti gani?"

Hakuhitaji kwenda kuitazama ile ya zamani, alikuwa nayo kichwani. Kwenye toleo la zamani, ukifika kwenye kipito, njia inashuka magharibi mpaka kwenye kibanda cha mawe cha kulala wasafiri. Halafu upande ule wa mlima ukaporomoka. Njia ikahamishiwa mashariki, kibanda kikafutwa. Toleo jipya halina hata alama yake.

"Ameshuka magharibi," dada alisema. "Mwanangu ameshuka magharibi, na mimi nimewapeleka watu mashariki." Akachukua simu.

Nikamnyang'anya.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimtoa simu mkononi, nikaificha nyuma ya mgongo wangu kama mtoto.

"Nipe simu."

"Dada, subiri. Wamesimama. Umesikia mwenyewe, wamesimama mpaka kesho. Ukipiga sasa au alfajiri ni kitu kilekile."

"Nipe simu, nimekwambia."

"Na huyo binti? Kuta hizi ni za karatasi. Atasikia kwamba ni wewe uliyempa mumewe ramani ya kumpoteza. Presha iko juu, mkunga kasema nini? Unataka kupoteza wawili kwa mpigo? Alfajiri nitamtoa, nitampeleka kwangu, utapiga kwa nafasi."

Maisha yake yote dada ndiye aliyekuwa na kichwa kigumu, na mimi ndiye niliyekuwa na maneno mengi, na ugomvi wetu wote tangu utotoni alishinda yeye. Siku ile alichoka. Alikaa kwenye stuli ya jikoni, akafunika uso kwa kanga, akasema, "Alfajiri basi. Kukianza kupambazuka tu."

Yale niliyosema juu ya mkwe yalikuwa kweli. Lakini palikuwa na jingine ambalo sikulisema, nalo lilikuwa kubwa zaidi. Niliogopa wataniuliza kile kipande kilikuwa wapi siku zote hizo. Kilikuwa kwangu. Nilikipiga pasi. Nilikatia kola.

Kulipopambazuka nilimwamsha mkwe, nikamwambia aje kwangu aoge maji ya moto. Dada akapiga. Kiongozi, nasikia, akamwambia, "Mama, nina watu wanne wamelala mdomoni mwa bonde hilo la magharibi tangu jana." Walikuwa wamepiga hema pale kwa sababu ndipo penye maji.

Walimfikia kwa mwendo wa saa moja na nusu. Alikuwa hai. Alikuwa hatua hamsini chini ya mabaki ya kile kibanda, mguu wa kushoto umebanwa katikati ya mawe, umevunjika, hawezi kuutoa. Alikuwa amekaa hapo tangu siku ya tano. Juu kwenye kipito, alisimulia baadaye, palikuwa na kibao cha mbao kilichoelekeza mashariki. Alikiona. Lakini ramani ya mama yake ilisema magharibi, na tangu utotoni alifundishwa kwamba kibao huzungushwa na upepo na walevi.

Tulilia kwa furaha asubuhi ile, sote watatu, hadi majirani wakaja mbio wakidhani ni msiba. Furaha yetu iliishi mpaka saa nane mchana. Daktari wa huko alipiga simu, akasema wameukata mguu chini ya goti. Akaeleza vizuri, bila haraka. Usiku wa kwanza na wa pili ulikuwa mkavu, kiatu kilimkinga. Usiku wa mwisho ilinyesha, kisha ikaganda, na mguu ukaganda nao. Wangeupata jana jioni, alisema, tungeongea habari nyingine.

Halafu akaja kiongozi kwenye simu kutupa pole. Hakujua kitu, maskini, alitaka kuwa mwema. Alisema ni bahati mbaya tu kwamba mama hakugundua mapema, maana ukungu unazuia helikopta lakini hauzuii watu kutembea, na wale wanne walikuwa na taa, wangepanda jioni ileile. Dada alishika simu sikioni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kusikia kila neno. Alimshukuru, akamtakia heri, akakata.

Kijana alirudi baada ya wiki tano, kwa magongo. Mkewe alikuwa amejikaza muda wote huo, anapika, anafua, haulizi. Siku ya pili baada ya mumewe kurudi aliuliza. Tulikuwa sebuleni palepale. Mimi nilikuwa namimina chai.

"Mama, naomba kujua kitu kimoja. Uligundua lini kwamba ramani ni ya zamani?"

Nilisimamisha birika. Nilijua dada atanitaja, na nilikuwa nimeshaandaa kulia.

"Asubuhi ile," dada alisema. "Mama yako mdogo alikuta kipande asubuhi kwenye meza yake, akakimbia kuniletea. Nikapiga palepale."

"Kweli, Mama mdogo?"

Nikasema kweli. Mimi ambaye mtaa mzima unanijua kwa kutoweza kumeza neno, nilimeza lile na mate.

Mkwe alimgeukia dada. Hakupaza sauti. Alisema, "Basi ni wewe peke yako. Miaka yote unawauliza wageni wanakwenda kwa gari au kwa miguu, na wako ukamkata huo mguu." Kijana alimwambia mkewe anyamaze, mganga hajigangi, mama ni binadamu kama wengine. Lakini alilisema akiwa anatazama chini, pale mguu ulipotakiwa kuwepo, na mkewe akanyanyuka akatoka.

Dada aliacha kazi mwisho wa mwezi ule. Mwenye duka alikuja, akakohoa, akamsihi, hakusikilizwa. Sasa anakaa ndani, mitaa miwili kutoka kwangu. Mwanawe humpigia simu Jumapili na humtembelea pale anapoweza, peke yake, hakai sana. Mara nyingi nimemwambia dada kwamba nitakwenda kusema ukweli, na kila mara ananijibu kwa hasira nyamaza, wewe una watoto na wateja, mimi lawama nimeshazipokea. Na kila mara, Mungu anisamehe, nimenyamaza kwa haraka kuliko alivyoniambia.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Ana miezi minane. Mkwe hampeleki kwa dada. Humleta kwangu kila Jumamosi akienda sokoni, ananiwekea mapajani na kumwambia, "Kaa na bibi yako aliyekimbia kumwokoa baba." Binti ni mzito, anacheka ovyo, anapenda kushika bobini za uzi. Namshika mpaka mama yake arudi.

Jioni nikipita kwa dada hanisalimii, ananiuliza kwanza amekuja, amekula, ameanza kusimama. Jana aliniuliza kuhusu meno. Nilimwambia yametoka mawili, ya chini. Akaniomba nimwonyeshe kwa kidole, kwenye ufizi wangu mwenyewe, ni upande gani hasa.